Vidonge vya kitunguu na pampu ya mwanangu

Nilishaandika maoni haya kuhusu kliniki moja mara ya kwanza nikafuta, maana nilikuwa natukana tu. Sasa najaribu tena nikiwa nimepoa kidogo, ingawa sina hakika kama nimepoa.

Walioko Arusha wanakijua kipupwe cha huku. Ikifika Juni hivi jua linapotea, Meru unajifunika ukungu, manyunyu hayakatiki, na kila nyumba inakohoa. Mimi nina mafua ya mzio: pua inachuruzika na chafya zinakuja mfululizo mpaka mbavu zinauma. Mwanangu wa darasa la kwanza ana pumu, na baridi ndiyo adui yake mkubwa. Dada mmoja kazini akanisifia kliniki ya tiba mbadala hapo mjini. Jina silitaji, sitaki kuitwa polisi.

Nianze na haki yao. Yule mtaalamu alinisikiliza. Kijana tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, lakini alikaa na mimi karibu saa nzima: nalala dirisha wazi au limefungwa, mafua yanazidi jioni au asubuhi, kinachowasha ni pua au ni macho. Nilipomwambia pua ndiyo inayochoma, machozi yanatoka tu bila kuwasha, akatabasamu kama fundi aliyepata spana inayoingia. Mwisho wa yote akaniandikia Allium cepa 30C. Nikauliza ndiyo nini hiyo. Kitunguu.

Kitunguu maji, jamani. Akanieleza kanuni ya tiba yao, inaitwa homiopathi, iliyoanzishwa na daktari wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796: kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo. Kitunguu kinatoa kamasi na machozi, basi kitatibu kamasi na machozi. Haya, hata bibi zetu wana ya kwao. Ila hiyo 30C ndiyo iliyonimaliza. Unachukua tone moja la kitunguu unaliweka kwenye matone 99 ya spiriti na maji, unatikisa. Unachukua tone moja la hapo, unaliweka kwenye 99 mengine. Hivyo hivyo mara 30. Ukipita mara ya 12 hivi, kitunguu chenyewe kimeshakwisha, hakuna hata chembe. Kinachobaki wanakidondoshea kwenye vidonge vya sukari. Nililipa 35,000 kwa kitunguu kisichokuwemo, na kwa hela hiyo sokoni Kilombero ningetoka na vitunguu vya kula mwezi mzima, chenji juu.

Hapo bado ningenyamaza. Vidonge ni vitamu, havina madhara, na mafua yakapoa. Ila mafua yangu nikiyaacha huwa yanapoa yenyewe, sasa nimsifu nani?

Nikarudi siku nyingine kununua chai tu. Mtoto nilikuwa naye, anakohoa. Hakuwa mgonjwa wa pale, sikumwomba mtu amwangalie. Kijana akasema ngoja nimwone, akauliza anatumia dawa gani. Nikatoa kwenye mkoba pampu yake ya pumu, ile ya kahawia ya kuvuta kila siku, pamoja na chupa yake. Chupa yenyewe ni ya maji ya nusu lita. Nesi wa kituo cha afya aliitoboa kitako kwa waya wa moto, akapachika mdomo wa pampu, akazungushia plasta. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza, anavuta pumzi taratibu. Ameichora katuni kwa kalamu ya bluu, anaiita ndege yake.

Yule bwana akaishika kwa vidole viwili. "Mama, takataka hii ndiyo mnampa mtoto?" Akaiweka pembeni. Pampu akaitia kwenye droo ya meza yake, akafunga. Akasema steroidi, yaani dawa iliyomo kwenye pampu, ndizo zinazomlemaza mtoto, nimwachishe kabisa, nimpe vidonge vyake wiki mbili, na akizidiwa nisiogope, maana ugonjwa ukizidi ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Mtoto wa pumu! Akizidiwa! Akipona ni dawa, akizidiwa ni dawa, sasa ni lini mtu atajua kwamba siyo dawa? Mara nyingi mtoto wa pumu akizidiwa ni usiku. Midomo inabadilika rangi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na bodaboda hapatikani. Ile pampu ya kahawia haileti nafuu papo hapo, ndiyo maana watu wanaidharau. Kazi yake ni kuzuia njia za hewa zisivimbe, na inafanya kazi hiyo ukiitumia kila siku. Kumwachisha kwa amri ya mtu wa vidonge vya sukari, tena katikati ya kipupwe, ni kumtafutia mtoto kaburi.

Nikasema, "Kaka, naomba pampu ya mwanangu." Akanijibu, "Tatizo lako mama huna imani." Nikazunguka meza nikafungua droo mwenyewe. Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri zamu, amejifunga kanga mbili, akaniambia taratibu, "Chukua kitu chako mwanangu, uondoke." Shikamoo yake bibi yule popote alipo.

Mlangoni nikakumbuka kuuliza kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maana sheria ipo tangu 2002. Akanionyesha fremu ukutani: cheti cha kozi ya mtandaoni.

Nikaingia kwenye simu kwa hasira. Shirika la Afya Duniani lilishaonya tangu 2009 watu wasitegemee homiopathi kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi, mafua makali wala kuharisha kwa watoto wachanga. Ufaransa, wanakovipenda mno vidonge hivi, bima ya taifa iliacha kuvilipia mwaka 2021. Na ile "takataka" ya chupa? Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: chupa ya nusu lita ikiwekwa vizuri inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa ya pampu. Takataka ya nesi wetu imepimwa. Kitunguu chake je?

Wala sidharau miti shamba. Mwarobaini uko uani kwangu. Nyungu najifukiza kila baridi ikianza, majani ya mkaratusi, mchaichai na limau. Pua inafunguka kwa muda, unapata usingizi, basi, sidai kwamba nimepona. Mtoto simwingizi kwenye nyungu, sufuria la maji ya moto na mtoto chini ya blanketi havikai pamoja. Yeye nampa asali kijiko kimoja akikohoa usiku (mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja asijaribu asali kabisa). Na chai yao ya tangawizi na mdalasini, nitasema ukweli, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kununua.

Kwa hiyo nilitaka kuwapa nyota tatu. Nikikumbuka droo inavyofungwa, mbili. Halafu nakumbuka kituo cha afya, daktari aliyeniandikia dawa bila kuinua uso, na najikuta namtetea tena yule kijana: angalau aliniuliza nalalaje. Na hapo ndipo hasira inapanda upya. Watu wanamfuata kwa sababu anawasikiliza, wanafika kwake wameshachoka kutosikilizwa, naye akishawasikiliza anawanyang'anya pampu. Asingekuwa mpole vile mara ya kwanza, nisingemwonyesha chochote. Nyota moja, na hiyo ni ya chai.

Juzi wamenitumia ujumbe: punguzo la msimu wa baridi, dawa za watoto nunua mbili upate ya tatu. Nimewajibu wanirudishie kwanza 35,000 yangu. Wamesoma, kimya.