Uzoefu wangu na PURGE: faili la MB 41 lilivyobaki MB 3

PURGE ni amri ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, inayoondoa vitu visivyotumika ndani ya faili. Nachora ramani za nyumba hapa Mbeya, kijiofisi changu kiko Mwanjelwa juu ya duka la mitumba. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na imeshakula chumvi. Nalisema hili mapema ili mwenye mashine ya nguvu asione nalalamika bure.

Mwaka jana nilipata kazi ya nyumba ya vyumba vinne, Tukuyu. Mzee mwenye nyumba alikuja na faili la AutoCAD alilochorewa na mtu mwingine, akataka nibadilishe paa tu, maana lilikuwa limelala mno na mvua za kule si za mchezo. Kulifungua, dakika nne. Kusogeza mlango mmoja, unasubiri mpaka chai inapoa, na baridi yetu hii unaijua. Nikaangalia ukubwa wake: MB 41. Nilitakiwa kumtumia injinia aliyeko Iringa apige hesabu za zege, na Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi MB 25.

Nilipofungua orodha ya bloku, yaani vichoro vilivyo tayari unavyoviita na kuviweka tena na tena, nikacheka peke yangu. Magari, minazi, piano, bwawa la kuogelea, na lifti. Nyumba ya chini, Tukuyu, lifti! Aliyechora alichukua faili la kazi ya zamani, akafuta alichokiona kwenye skrini, akaendelea kuchora humohumo. Hata mimi nimefanya hivyo miaka. Ukiichagua bloku ukaifuta, unaondoa ile nakala iliyowekwa kwenye mchoro. Bloku yenyewe inabaki ndani ya faili ikingoja uiite tena. Na ukikopi kochi kutoka faili la mwenzako, linakuja na leya zake (matabaka ya mchoro), staili zake za maandishi na ukoo wake wote.

Dawa yake ni PURGE. Mimi naandika PU, enta, dirisha linakuja na vyote visivyotumika. Tiki ya kwanza weka kwenye vitu vilivyo ndani ya vitu vingine, kwa sababu bloku ya sebule ina bloku ya kochi tumboni. Usipoiweka, sebule inaondoka, kochi linabaki, unaanza upya. Ile ya kukuuliza kitu kimojakimoja itoe, la sivyo utabonyeza kukubali mpaka kidole kiote sugu. Nikabonyeza Purge All, nikasevu: MB 17.

Bado zito. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna uchafu mwingine, majina ya programu mbalimbali zilizowahi kuligusa faili. Yanajirundika kwa maelfu na huyaoni popote kwenye mchoro. Unaandika -PURGE, yaani na kistari mbele, unachagua R, enta kukubali yote, kisha N ili isikuulize kila jina. Nikasevu tena: MB 3. Mlango ukawa unasogea ukiushika.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naibana kwa sababu watu wanadhani inasafisha kila kitu, kumbe mistari iliyolaliana, mmoja juu ya mwingine, haiigusi. Hiyo ni kazi ya amri nyingine, OVERKILL.

Halafu kuna siku niliyojikaanga mwenyewe. Nina faili mama ninaloanzia kila kazi, limejaa milango na madirisha niliyochora kwa vipimo vya mafundi wetu, lakini ndani yake hakuna hata ukuta mmoja. Kwa PURGE, bloku ambayo haijawekwa popote ni takataka. Nikapiga PU kwa mazoea, nikasevu, nikafunga, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi naita mlango wa milimita 900, hakuna. Ningegundua kabla ya kufunga, Ctrl+Z ingevirudisha. Kilichoniokoa ni lile faili la .bak linalokaa pembeni, ambalo hutunza hali ya kabla ya kusevu mara ya mwisho. Nikalibadilisha jina likawa .dwg, yaani faili la kawaida la AutoCAD, likafunguka na milango yangu yote. Ningekuwa nimesevu mara mbili, nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia. Siku hizi napiga PU kazi ikiisha, tena kwenye nakala.

Turudi kwa mzee wa Tukuyu. Vyote viliondoka, lifti ikagoma. Matoleo ya 2020 kuja huku yana sehemu inayoonyesha vitu visivyoondoka na sababu yake, pamoja na kitufe cha kukupeleka hadi kilipo. Nikabonyeza. Skrini ikaruka mbali kabisa na nyumba, na huko ilikuwa imelala lifti moja, peke yake kwenye weusi. Nikaifuta, PU, ikaenda. Mzee mwenyewe sikumwambia kwamba alikuwa na lifti.