FreshRSS kazini: uzoefu wangu na kisomaji cha milisho ya habari

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufuatilia kinachobadilika: matoleo mapya ya programu tunazotumia, tahadhari za usalama, matangazo ya wadau, habari za sekta. Zamani ofisini kwetu hayo yote yalipita kwenye barua pepe. Mtu akiona jambo analisambaza kwa wote, mwenzake analisambaza tena siku ya pili, na aliyekuwa likizo anarudi kukuta rundo asilojua aanzie wapi. Ndiyo maana tukaweka FreshRSS kwenye seva yetu. Nimeitumia muda wa kutosha kuweza kuizungumzia, na naipenda kwa dhati.

Kwa asiyeifahamu, hii ni programu huria isiyo na malipo. Unaisimika kwenye seva yako, unaifungua kwa kivinjari, na yenyewe inapita kwenye tovuti ulizochagua kukusanya milisho ya RSS na Atom, yaani faili ambazo tovuti huorodhesha humo habari zake mpya ili programu nyingine zizisome. Teknolojia si ngeni. RSS ilianzia kampuni ya vivinjari ya Netscape mwaka 1999, na podikasti nyingi hadi leo zinawafikia wasikilizaji kwa njia hiyo hiyo. Google walipofunga kisomaji chao cha milisho, Google Reader, Julai 2013 wengi walidhani mambo yamekwisha, kumbe kilichofungwa ni huduma ya kampuni moja tu. Tovuti ziliendelea kutoa milisho kama kawaida.

Jambo la kwanza nililolipenda ni kwamba orodha ina mwisho. Habari zinapangwa kwa muda, mpya juu, na pembeni unaona kila kundi lina ngapi ambazo hazijasomwa. Hakuna anayekuchagulia cha kuona kwa kukisia kitakachokushikilia. Nikifungua asubuhi naanza na kundi la usalama, nabonyeza herufi j kwenda habari inayofuata na k kurudi nyuma, mkono hauendi kwenye kipanya kabisa. Vichwa vingi navipita. Kinachonihusu nakifungua, nakisoma, nakipa lebo. Zikiisha, zimeisha, naendelea na kazi nyingine nikijua hakuna kilichonipita kwenye vyanzo ninavyovitegemea. Utulivu huo siupati kwenye mtandao wowote wa kijamii.

Lakini faida kubwa kwa ofisi imetoka mahali ambapo sikupatarajia. FreshRSS inakuruhusu kuhifadhi utafutaji, kwa mfano habari zote zenye lebo fulani, kisha kuutoa kama ukurasa wa kawaida au kama mlisho mwingine. Kwa hiyo nikiona habari inayowafaa wenzangu naipa lebo ya timu, nayo inajitokeza kwenye ukurasa wa pamoja. Hakuna barua pepe. Anayetaka anapita kwa wakati wake. Siku moja mwenzetu wa uhasibu alikuta humo maelezo ya toleo jipya la programu ya ankara, akaona imeongezewa uwezo wa kutoa data moja kwa moja kwenye jedwali. Kazi ya kunakili ankara kwa mkono, iliyokuwa ikimla kila mwisho wa mwezi, ilikoma hapo. Sisi wa kompyuta tungeisoma habari ile na kuipita, maana hatukuwa tukiijua shida yake. Ubunifu kazini naona huanza hivyo: habari inamfikia anayeumia, si anayesimamia mitambo peke yake.

Ugumu uko kwenye hatua ya kujiunga, na hapo tovuti zenyewe ndizo zinawaangusha watu. Mgeni akibofya alama ya mlisho, ile ya rangi ya chungwa, mara nyingi anatupiwa msimbo mtupu wa XML, au faili linapakuliwa bila maelezo. Vivinjari navyo vimejitoa. Firefox iliondoa kisomaji chake cha milisho kuanzia toleo la 64, Desemba 2018. Ninachowafundisha wenzangu ni kusahau ile alama: nakili anwani ya tovuti, ibandike kwenye kisomaji, na kama tovuti imetangaza mlisho wake ndani ya ukurasa, programu itaupata. Isipopata, jaribu kuongeza /feed/ mwishoni mwa anwani, kwani tovuti nyingi zilizotengenezwa kwa mfumo wa WordPress huuweka hapo. Zipo pia zinazotoa sentensi mbili tu na kukutaka uende kwao kumalizia. Zile ninazoweza kuishi bila hizo nimezifuta.

Kisomaji hiki pia kimebadilisha namna tunavyoandika. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza mwaka 2006 kwamba macho ya wasomaji hupita kwenye ukurasa wa wavuti kwa umbo linalokaribia herufi F, yakitua zaidi kwenye maneno ya mwanzo wa mistari. Ndani ya orodha ya vichwa jambo hilo linaonekana waziwazi. Kichwa kinachoanza na jina la taasisi likifuatiwa na “Taarifa muhimu kwa wateja wote” hakisemi kitu, na kikijirudia mara kumi huwezi kukitofautisha na kingine. Matangazo yetu ya ndani sasa yanaanza na kilichobadilika: “Nywila mpya kuanzia Jumatatu”, basi.

FreshRSS inamfaa mwenye seva na mtu wa kuitunza. Inabeba watumiaji wengi, kila mmoja na orodha yake, na inasomeka kwa simu kupitia programu nyingine zinazounganishwa nayo. Asiye na seva aanze na visomaji vya mtandaoni kama Feedly au Inoreader, ila ajizoeze kupakua orodha ya vyanzo vyake kwa faili la OPML kila anapoongeza vipya, ili siku akitaka kuhama ahame navyo vyote.