Kle ya kikombe kwa filtre iliyojificha: uzoefu wangu na Corolla hapa Goma

Nina Corolla ya miaka ya tisini, moteri ya 1.6, usukani kulia. Ni gari isiyochoka. Shida yake kubwa ni mahali ilipowekwa filtre ya mafuta, yaani chujio la mafuta ya kulainisha moteri, si petroli: nyuma ya moteri, upande wa ukuta unaoitenganisha na miguu ya dereva. Ukifungua kapo, kifuniko cha mbele, huioni. Ukilala chini unaona kitako chake tu, na ili uiguse lazima mkono upite juu ya ekseli, kati ya mabomba. Mkono wangu unaingia hadi kwenye kiwiko, na ukishafika huko hauna tena nafasi ya kujikunja.

Zamani sikujisumbua nayo. Nilikuwa napeleka gari garaji. Kisha mwaka jana niliiacha kwenye garaji moja pamoja na mafuta mapya na filtre nyeupe niliyoinunua mwenyewe, jioni nikalipa kazi nikaondoka. Miezi mitatu baadaye niliingia chini ya gari kutafuta kitu kilichokuwa kinagonga barabarani. Nikamulika tochi, nikaona filtre nyeusi, imefunikwa na ukoko wa vumbi na mafuta mgumu kama gaga. Yangu ilikuwa nyeupe. Walikuwa wamemwaga mafuta tu, filtre hawakuigusa, kwa sababu haifikiki kirahisi na waliona mwenye gari hatalala chini kuangalia.

Hilo liliniuma na bado linaniuma. Filtre ikiziba, moteri haikosi mafuta papo hapo, maana ndani kuna vali ndogo inayofunguka ili yaendelee kupita. Lakini yanapita bila kuchujwa. Kwa hiyo mafuta yangu mapya yalizunguka miezi mitatu na uchafu wa zamani, na kwa vumbi letu hili, kutoka Ndosho kuelekea Sake, uchafu si neno dogo. Siku ile niliamua vidanje, yaani kubadilisha mafuta na filtre, nitafanya mwenyewe.

Kifaa cha kwanza nilichonunua ni kle (spana) ya mnyororo, ile unayozungusha kwenye filtre kisha unavuta mpini. Dola 4. Kwa gari ambayo filtre yake iko wazi ni kifaa kizuri, sina neno nayo. Kwa yangu haikufaa hata kidogo: mnyororo ulizunguka vizuri, lakini mpini ulikuwa na nafasi ya kusogea upana wa vidole viwili, halafu unagonga ekseli. Unavuta, unagonga, unaachia, mnyororo unalegea, unaanza upya. Nusu saa nzima filtre haikutikisika.

Nikarudi sokoni Birere. Mama anayeuza vifaa alinionyesha kwanza ile ya makucha matatu, inayojibana yenyewe kadiri unavyokaza. Nikaishika, nikaona makucha yakifunguka yanakuwa mapana kuliko filtre yenyewe, na kule nyuma ya moteri sina pembeni hata nafasi ya kalamu. Ndipo akatoa kikombe: kipande cha chuma kama kifuniko cha chungu kidogo, ndani kina pembe 14, upana milimita 65, katikati kina tundu la mraba la kuchomekea klike, ule mpini wa kuzungushia. Nikataka kulipa. Akanizuia.

«Papa, usinunue kwa macho. Filtre yako iko wapi? Ilete tuivalishe.»

Alikuwa na haki. Tuliivalisha kwenye filtre mpya, ikashika sawasawa. Dola 5. Nikaongeza ralonje, ile fimbo ya kurefusha klike, na kardani, kiungo kinachoruhusu fimbo ipinde. Bila hivyo viwili kikombe hakina maana kwa gari kama yangu, kwa sababu mkono unabaki nje na fimbo ndiyo inayokwenda kule ndani kwa niaba yako.

Sasa kuhusu kuinua gari, kwa sababu hapa Goma jambo hili lina ugumu wake. Uwanja wangu ni lava ya volkano ya 2002, hakuna mahali palipo sawa. Kriki, yaani jeki, ikisimama juu ya jiwe lenye matundu inaweza kuteleza, au jiwe lenyewe likavunjika. Nilitandika ubao mnene, nikainua, nikaweka shandeli mbili za chuma, vile viguzo vya kushikilia gari, gurudumu la akiba nikalilaza chini ya ubavu wa gari, na magurudumu ya nyuma nikayazuia kwa magogo. Kisha nikaisukuma gari kwa bega kwa nguvu kabla sijaingia. Tafadhali usilale chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja.

Moteri iwe na uvuguvugu, isiwe moto. Nilizunguka mtaani dakika kumi, nikaacha ipoe karibu nusu saa. Kufungua bushoni ya chini, kizibo cha kutolea mafuta, kwa kle ya 14 ni kazi nyepesi na kila mtu anaijua. Mafuta yalitoka meusi, mepesi kama chai ya rangi.

Halafu filtre. Nilichomeka kikombe, nikazungusha, na kikateleza. Kumbe ile ya zamani ilikuwa ya mtengenezaji mwingine, imepungua kidogo tu, labda unene wa ukucha. Upungufu huo unatosha kukuharibia siku. Watu wengine wakifika hapo huichoma filtre kwa turnavisi (bisibisi) na kuipindua nayo kama mpini. Mimi sishauri: bati linachanika, na likichanika karibu na shina huna tena cha kushika.

Kilichoniokoa ni msasa. Nilikata ukanda wa msasa wa seremala, upana wa vidole viwili, nikaukunja ndani ya kikombe, upande wa mchanga ukitazama filtre, nikakigonga taratibu kwa mpini wa nyundo hadi kikakaa. Nikavuta klike. Kwanza hakuna kitu. Mara ya pili nikasikia mlio mfupi, kama mfupa wa kuku unapovunjika, na filtre ikageuka. Nilibaki nimelala pale nimeshika fimbo, nafurahi. Kuanzia hapo niliimalizia kwa vidole, nikiwa nimeifunika na mfuko wa plastiki, kwa sababu filtre iliyolala hivyo humwaga mafuta yake yote juu ya ekseli ukiitoa bila mfuko. Vaa glavu pia. Mafuta yaliyotumika si kitu cha kuzoesha ngozi.

Hapa ndipo nilipokosea, na naliandika kwa kirefu kwa sababu kosa hili linaweza kuua moteri. Niliipaka raba ya filtre mpya mafuta safi, nikaifunga kwa mkono mpaka raba ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Sawa kabisa. Nikajaza mafuta, lita tatu na kitu. Nikawasha. Taa nyekundu ya mafuta ikazimika baada ya sekunde chache kama inavyotakiwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa amechuchumaa upande wa pili na tochi.

«Mjomba, inatonya! Hapana, inamwaga! Zima!»

Nilizima hapo hapo. Chini kulikuwa na dimbwi jeusi linalopanuka, karibu nusu lita. Tulipofungua tena tukakuta raba mbili: ile mpya, na ile ya zamani ambayo ilikuwa imebaki imeganda kwenye uso wa moteri baada ya miaka bila kubadilishwa. Raba mbili zikipandana hazizibi. Zikipata presha ya mafuta, moja inachomoka. Kama ningewasha na kuondoka moja kwa moja kwenda mjini, mafuta yangeisha kabla sijafika mzunguko wa Signers.

Tangu siku ile nina desturi moja. Filtre ya zamani ikitoka, kabla ya lolote naigeuza nione raba yake ipo. Kama haipo, iko juu kwenye moteri. Na hata kama ipo, napitisha kidole chenye kitambaa kwenye ule uso wa moteri mzunguko mzima, maana kwa macho huoni kitu kule. Kidole kinajua: chuma ni baridi na laini, raba inanata.

Nimeshafanya vidanje nne hivi sasa, kila kilomita 5000. Ya kwanza ilinichukua karibu siku nzima. Ya mwisho saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kusubiri mafuta yachuruzike. Msasa sijauhitaji tena kwa sababu sasa nanunua filtre ya aina moja tu, na kikombe kinaivaa bila kucheza. Hilo ndilo sharti la kifaa hiki: ukibadilisha aina ya filtre, kikombe chako kinaweza kuwa chuma cha bure. Upungufu mwingine ni kwamba tundu la mraba la kikombe changu limeanza kulegea kidogo. Chuma chake si kigumu sana, na kwa dola 5 sikutegemea zaidi. Kwa kukaza sikitumii kamwe. Filtre inakazwa kwa mkono, na fundi anayeikaza kwa kle ndiye anayekuachia kazi ya mnyororo na msasa mara inayofuata.

Mafuta ya zamani simwagi. Ardhi yetu ni lava, inapitisha kila kitu kama chungio, na ziwa ambalo wengi wetu tunachota maji yake liko hapo chini. Nayaweka kwenye bidoni, seremala jirani yangu anayachukua kupaka miguu ya nguzo na mbao za chini za nyumba anazojenga. Filtre naitoboa kichwani, naiinamisha juu ya beseni usiku kucha. Asubuhi inakuwa imetoa karibu kikombe kizima cha chai.

Kwa mwenye gari ambayo filtre yake inaonekana na kushikika, okoa pesa zako, kle ya mnyororo inatosha. Kwa mwenye filtre iliyojificha nyuma ya moteri kama yangu: kikombe, ralonje ya sentimita 25 hivi, kardani, na kipande cha msasa mfukoni. Nenda dukani na filtre mkononi. Na kama gari bado unaipeleka garaji, chukua rangi ya kucha, weka alama kwenye filtre mpya kabla ya kuwakabidhi, kisha jioni lala chini uitafute.