Meshify C: kasha dogo lililomeza kila kitu, ila vidole vyangu

Nilitaka kompyuta ya mezani ya kuhariria video za harusi, na meza yangu ni ile ya chumba cha kupanga: ukiweka skrini na spika mbili, imejaa. Makasha makubwa ya kufungia vifaa vya kompyuta niliyatoa kwenye hesabu mapema. Yale madogo kabisa ya mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) za saizi ndogo ya Mini-ITX nayo hayakunivutia, maana mazabodi hizo huwa ghali, zina sehemu mbili tu za RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na tundu moja la kadi; kesho ukitaka kuongeza kitu, huna pa kukichomeka. Nikaangukia kwenye Meshify C ya Fractal Design, kampuni ya Sweden. Ni kasha la mwaka 2017, kwa hiyo si geni, na la kwangu lilishatumika kabla halijafika mikononi mwangu.

Lina upana wa sentimita 21 hivi, kina kama 40, na kimo hakizidi 46. Pamoja na udogo huo linapokea mazabodi ya saizi kamili, ATX, ile ya milimita 305 kwa 244. Kadi ya picha inaingia hadi milimita 315 feni za mbele zikiwa zimefungwa, na kipoza prosesa hadi karibu milimita 170. Mimi nilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RTX 3060 ya feni mbili na kipoza cha Hyper 212 chenye kimo cha milimita 159. Vyote viliingia bila kusukumana. Anayewinda kadi ndefu za siku hizi apime kwanza, kwa sababu baadhi zinapita milimita 330, na hapo hakuna maombi yatakayosaidia. Ukifunga redieta ya kupozea kwa maji upande wa mbele, unene wake nao unakatwa kwenye ule urefu wa kadi.

Kwa hiyo vifaa vina nafasi. Kilichobanwa ni nafasi ya mikono na nyaya, na hilo hulioni kwenye karatasi ya vipimo.

Chukua waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane. Unapita nyuma ya bamba la mazabodi na kutokea kwenye kona ya juu kabisa, karibu na feni ya nyuma. Kipoza kikishakaa, kona ile haiingii hata kidole gumba. Nilichofanya ni kuupitisha waya huo mapema, kichwa chake kikachungulia tundu lake, ndipo nikashusha mazabodi na kuichomeka hapo hapo. Kipoza kikaja baadaye. Kadi ya picha nayo iliingia mwisho kabisa, kwa kuwa inafunika ukingo wa chini wa mazabodi zinakochomekwa nyaya ndogo za swichi, za taa na za sauti. Bisibisi yenye sumaku na shingo ndefu si anasa hapa. Skrubu ikidondoka nyuma ya kipoza utainua kasha zima na kulitikisa.

Chini kuna chumba kilichofunikwa cha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, na pembeni yake kizimba cha hadi disiki mbili za inchi 3.5. Kizimba kikiwepo, pawa saplai isizidi milimita 175. Kwa karatasi inatosha, lakini pale katikati ndipo nyaya zote za ziada hujazana. Nawashauri mchukue pawa saplai fupi, ile ambayo nyaya zake zinachomoka, muache nje msizozihitaji. Ya kwangu ina milimita 140 na nimebaki na pumzi kidogo. Asiyetumia disiki za inchi 3.5 anaweza kukitoa kizimba kabisa. Mimi video za wateja siwezi kuzijaza zote kwenye SSD, zile disiki ndogo za kasi, kwa hiyo kimebaki.

Nyuma ya mazabodi ni kama begi la safari ya kijijini: kila kitu kinaingia, shida inaanza kwenye zipu. Kasha linakuja na mikanda ya kunata ya kufungia nyaya, na inafanya kazi vizuri, mradi waya mnene wa pini 24, ule wa umeme wa mazabodi, ukae peke yake, usipandane na mwingine. La sivyo mlango wa bati utavimba.

Sasa vumbi, maana tuko Dar. Uso wa mbele ni wavu mtupu wenye mikunjo, na nyuma yake kuna chujio. Kuna makasha ya uso uliozibwa ambayo yanapendeza zaidi na kelele zake ni kidogo, lakini chumba chenye nyuzi 32 hakisamehe: prosesa haiwezi kupoa kuliko hewa inayovutwa. Kasha lilikuwa na feni mbili za milimita 120, moja mbele, moja nyuma. Niliongeza nyingine mbele ili hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotolewa. Hivyo hewa inasukumwa nje kupitia nyufa, na vumbi linalazimika kupita kwenye chujio. Chujio natoa, nasuuza bombani, naanika mpaka likauke kabisa. Jirani yangu anakaanga chipsi, kwa hiyo huwa natia na sabuni.

Kelele utazisikia. Wavu hauzuii sauti, na video ndefu inapotolewa mimi huvaa hedifoni. Kioo cha ubavuni kinashikwa na skrubu nne za mkono kwenye pembe; kishike kwa mkono mmoja unapofungua ya mwisho, hakina bawaba.

Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe, usisahau kuwasha XMP, swichi inayoipa RAM kasi yake kamili, vinginevyo RAM uliyoilipia ya 3200 itatembea kwa mwendo wa chini.

Kikubwa ninachokikosa ni tundu la USB-C upande wa mbele. Yapo mawili ya USB 3.0 tu. Kampuni hiyo baadaye ilitoa Meshify 2 Compact, yenye USB-C. Ukikuta tofauti ya bei ni ndogo, chukua hiyo, hasa kama kazi yako ni kumwaga kadi za kamera kila Jumapili usiku.