Spika za pikipiki kwa mwendeshaji wa Malindi: ipi inunuliwe kwanza

Mwenye pikipiki anayetafuta spika hapa Malindi huuliza kwanza kama itahimili mvua, ilhali mvua kubwa za masika huja na kupita, na chumvi ya baharini haina likizo. Upepo wa kusi huisukuma hadi mitaa ya ndani, ikachanganyika na vumbi, na kinachoharibika mapema huwa ni skurubu, wavu wa mbele na tundu la kuchajia. Ndiyo maana alama ya IP iliyoandikwa kwenye kasha inapaswa kusomwa yote. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 maana yake ni kwamba haliingii kabisa; ya pili ni ya maji, ambapo 5 ni maji yanayorushwa kwa bomba na 7 ni kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ikiwa mahali pa tarakimu ya kwanza pana herufi X, kinga ya vumbi haikutajwa. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo alama peke yake haitoshi: nenda dukani na sumaku ndogo, na ikinasa kwa nguvu kwenye skurubu, tarajia kutu.

Nafasi ya kwanza naipa spika ya bluetooth yenye betri yake, ya IP67, inayofungwa kwenye usukani kwa kibano. Haigusi waya wowote wa pikipiki, na jioni huvuliwa, ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji matamu na kulala ndani ya nyumba, mbali na wezi. Sauti yake humezwa na upepo ukishika barabara kuu ya kwenda Gede, lakini kwa abiria wa mjini inatosha.

Ya pili ni jozi ya spika zenye amplifaya, zinazotumia betri ya pikipiki ya volti 12. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa. Kasha huandikwa wati 600, nguvu ambayo kwa volti 12 ingehitaji ampea 50, kisha ndani unakuta fyuzi ya ampea 5, ambayo haiwezi kupitisha zaidi ya wati 60 hivi kwa muda mrefu. Basi soma fyuzi, si kasha. Mwambie fundi aunganishe waya kupitia swichi ya ufunguo, kwani amplifaya ikiachwa ikinguruma kituoni injini ikiwa imezimwa, betri ndogo ya pikipiki huisha haraka na starta hukataa. Chagua yenye kitufe kikubwa cha kupunguza sauti karibu na kidole gumba. Atakayepita mbele ya msikiti wakati wa adhana atakihitaji, na kanuni za mazingira za mwaka 2009 nazo zinakataza kelele zisizo za lazima.

Spika za ndani ya helmeti ni za tatu: zinafaa safari ndefu ya mtu mmoja, mradi sauti iwe ndogo kiasi cha kusikia honi ya gari lililo nyuma.

Spika za nyumbani zilizofungwa nyuma ya kiti ndani ya sanduku la mbao sizipendekezi kwa bei yoyote. Karatasi ya koni hunyonya unyevu ikalegea, ubao wa vumbi la mbao hufura, na zikiloa mara moja tu sauti huanza kukwaruza.