Lakshmi wa duka la vitenge, Lubumbashi

Niliingia kutafuta kitenge, nikatoka na picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri wa Wahindu, amesimama juu ya yungiyungi. Papa muuzaji, Mhindi anayetushinda wengi kwa Kiswahili cha hapa, ana picha nne za zamani nyuma ya marobota. Yangu ina jina la kiwanda cha uchapaji cha mchoraji wa India Ravi Varma, kile kilichofunguliwa Bombay mwaka 1894. Nimeitazama kwa lenzi: rangi za kuchapwa kwa mawe, punje zimetawanyika ovyo, si vidoti vilivyojipanga vya mashine za siku hizi. Sari imebandikwa kitambaa na puluki kwa mkono; hapo nikalegea kabisa. Kadre, yaani fremu yake, ni aibu, mchwa wameila. Dola 40, hakupunguza hata moja. “Mama, usiitundike juani,” akaniambia tu.