iMac ya 2013 na OpenCore Legacy Patcher, nimeridhika

Jamani mwenye iMac ya mwisho wa 2013 asiitupe, rasmi inaishia macOS (mfumo endeshi wa kompyuta za Apple) Catalina ya 2019 lakini mi yangu saa hizi inakula Sonoma ya 2023 kwa hii OpenCore Legacy Patcher, programu ya kuweka macOS mpya kwenye Mac za zamani, ni ya bure, unaandaa flashi ya jibii 32 na yenyewe inakuongoza. Ila ukimaliza kuinstoo usisahau kubonyeza Post-Install Root Patch, maana draiva za kadi ya picha ya Nvidia ya zamani zimeondolewa kwenye Sonoma na hiyo ndo inazirudisha, bila hiyo madirisha yanaburuzika na hata waifai haishiki. Na kila apdeti unairudia, kwa hiyo bakapu kwanza! Diski ya kuzunguka toa weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), mi hapo ndo nilipata raha yenyewe.